Dafu halisafishi figo: dhana potofu na ukweli kuhusu mnazi na mwili

Huku Pemba mnazi umetulisha na kutuezekea nyumba, lakini pia umezungukwa na maneno mengi yasiyo sahihi. Tuanze na mti wenyewe.

"Mti hula udongo." Atiaye samadi shinani hudhani anaulisha. Mizizi huvuta maji na madini tu, yakapanda kwa mishipa iitwayo zailemu. Chakula hasa, yaani sukari, hutengenezwa majanini kwa mwanga wa jua, kisha husafiri kwa mishipa mingine, floemu. Mwenye shaka amtazame mgema. Hulifunga karara, yaani ala ya maua ya mnazi, ambalo halijapasuka, akalikata ncha, na asubuhi na jioni hurudi kulichonga kidogo ili lisizibe. Kinachodondoka kibuyuni ni utomvu wa floemu: sukari ya majani iliyokuwa njiani kwenda kulisha maua na nazi changa. Ndiyo maana tembo, yaani kinywaji hicho cha mnazi, lililogemwa sasa hivi ni tamu, na likishinda huwa kali.

"Chakula cha mti hushuka tu." Hapana. Huenda popote kinapohitajika, juu au chini.

"Gamba ni nguo tu." Kwa mkarafuu au mwembe, floemu imo papo hapo chini ya gamba. Likichunwa duara zima, majani hubaki mabichi kwa muda kwa sababu maji bado yanapanda ndani, na mwenye shamba akajipa moyo, kumbe mizizi inakufa njaa. Lakini mbona mnazi uliochongwa vidato toka chini hadi juu unaendelea kuzaa? Mishipa yake imetawanyika shina zima, haikujipanga pembeni.

Sasa figo.

"Figo ni kama kung'uto la tui: kizuri kinapita, chicha inabaki." Karibu ni kinyume chake. Chembe za damu na protini kubwa hubaki kwenye damu. Vitu vidogo vyote, sukari na chumvi vikiwemo, hupita pamoja na maji, kiasi cha lita 180 kwa siku. Kisha vijirija vya figo huvirudisha vinavyofaa kimoja kimoja, na mkojo unaobaki ni kama lita moja na nusu. Kazi kubwa ya figo ni huko kurudisha.

"Mkojo ni mabaki ya chakula." Mabaki ya chakula hayapitii figo kabisa. Yurea, taka iliyomo kwenye mkojo, hutengenezwa na ini, mwili unapovunja protini.

"Dafu husafisha figo." Hii ndiyo inayonitia hofu. Dafu lina madini ya potasiamu kwa wingi. Figo nzima huitoa ya ziada bila ya shida; figo dhaifu hushindwa, ikarundikana kwenye damu, na ikizidi huweza kusimamisha moyo. Halafu jamaa wenye mapenzi ndio hao wanaomletea mgonjwa madafu, tena shada zima! Mgonjwa wa figo asinywe dafu mpaka daktari wake aseme.

"Figo zingekuwa mbovu kiuno kingeuma." Mara nyingi hakiumi chochote mpaka hali iwe mbaya. Yanayozidhuru zaidi ni maradhi ya sukari na presha, na dawa za maumivu zinazomezwa ovyo kila siku nazo zimo. Mwenye sukari au presha aombe vipimo viwili: kreatinini (taka ambayo figo hupaswa kuitoa) kwenye damu, na protini kwenye mkojo.