"Rafiki Yangu" Haina Kosa, Acheni Kuisahihisha

Muswada niliouhariri umerudi kutoka kwa mteja, na kila penye "rafiki yangu" pamekatwa kwa wino mwekundu, juu pameandikwa "wangu". Pembeni kaniwekea na somo: rafiki ni kiumbe hai, viumbe hai wako ngeli ya A-WA, kwa hiyo "wangu". Somo hili limenichosha. Wanalileta walimu, wanalileta watangazaji, wanalileta hata wanachuo wanaokuja ofisini kwetu Sinza kujifunza kazi.

Haya, kama kanuni ni hiyo, kamwite mama yako "mama wangu" tuone ataitikaje. Mteja mwenyewe, kwenye ukurasa wa shukrani, amewashukuru "mama yangu" na "ndugu zangu", na kalamu nyekundu haikufika huko. Wakristo husali "Baba yetu uliye mbinguni". Itazame vizuri: "yetu" iko upande wa I-ZI, ngeli ya nyumba na kalamu, "-ye" ya "uliye" iko upande wa A-WA, na nomino ni ileile. Ndivyo zinavyokwenda nomino za udugu na ukaribu zisizo na kiambishi m- mwanzoni: baba, dada, shangazi, shemeji, ndugu, rafiki, jirani, adui. Kitenzi, sifa na kioneshi hufuata A-WA. Kimilikishi, yaani yangu, yako, yake na wenzake, peke yake hubaki I-ZI. Rafiki yangu mpya amefika. Rafiki zangu wale wawili wamefika. Hata ukisema "marafiki" ni "zangu" vilevile, hiyo ma- haikibabaishi kimilikishi. Mjomba ana m- yake, basi ni "mjomba wangu", sawa na mpwa, sawa na mshkaji wa kijiweni.

Hapo ndipo huletewa "Baba wa Taifa" kama ushahidi wa kunimaliza. Jamani, hiyo "wa" si kimilikishi! Ni a-unganifu, ile ya kuunganisha nomino na nomino, nayo hufuata A-WA bila shida: baba wa Juma, rafiki wa Juma. Kimilikishi kikiingia tu, inakuwa baba yake Juma, rafiki yake Juma. Ukitaka vyote viwili, Nyerere ni "Baba yetu wa Taifa", na hapo "yetu" na "wa" zimekaa bega kwa bega bila ugomvi. Anayelazimisha "rafiki wangu" amechukua kanuni ya a-unganifu akaibandika pasipo pake. Kuna na wenzao wa upande wa pili, wa "rafiki ya Juma". Kwenye daladala utaisikia kutwa. Kwenye muswada naikata.

Kivumishi na kiwakilishi cha kumiliki sikai napo. "Kalamu yangu imepotea": kivumishi. "Yangu imepotea", nomino imeachwa: kiwakilishi. Umbo ni lilelile, kazi ndiyo tofauti. Na "gari yangu", sanifu ni gari langu, wingi magari yangu. Mtaani semeni mtakavyo.

Penye utata wa kweli, vitabu vya shule hupita kimyakimya. Wanyama, kwa mfano. Umoja ni ng'ombe wangu, wingi ng'ombe zangu, na mimi huandika "kuku zangu watano". Mhariri mwenzangu wa meza ya pili huandika "kuku wangu watano", na sote tunalipwa. Halafu kuna dereva, daktari na rais. Hawana m-, lakini ni dereva wangu, daktari wangu, rais wetu. Huwa najieleza kwamba hayo ni majina ya kazi na vyeo, hayahesabiwi pamoja na udugu. Maelezo hayo husimama vizuri mpaka nifike kwa "bosi", maana bosi lazima awe bosi wa mtu, kama ilivyo kwa rafiki au adui, na bado muuza nguo wa Kariakoo atakuita "bosi wangu", kamwe si "bosi yangu". Wingi wake ndio msiniulize: nimesikia "mabosi zangu" na "mabosi wangu" kutoka kinywa kimoja, akiwaita wateja walewale.