"Utupe leo": sala ya siku moja moja

Bwana asifiwe ndugu zangu. Kila asubuhi huwa naandika tafakari fupi, mstari mmoja na maneno machache ya kumfikisha mtu jioni, na kazi yangu ya kila siku ni kufundisha Biblia kwa hiyo mistari mingi nimeipitia mara nyingi sana mpaka kurasa zimechakaa. Lakini kuna mmoja naurudia kuliko yote, na leo nimeamua niuandikie kwa kirefu kidogo manake kila nikiutuma kwenye magrupu maswali yanayorudi ni yale yale. Ni ule tunaoujua wote hata mtoto mdogo anausema: "Utupe leo riziki yetu." Mathayo 6:11, ndani ya Sala ya Bwana.

Shida ya sala unayoijua kwa kichwa ni kwamba mdomo unakimbia. Mdomo umeshafika "kwa kuwa ufalme ni wako", moyo bado uko kwenye "Baba yetu", na pale katikati tumeruka neno moja dogo sana, "leo". Mimi naamini imani ya kila siku imefichwa kwenye neno hilo.

Kwanza fikiria waliokuwa wanamsikiliza Yesu. Wengi wao walikuwa watu wa kuamka na kutafuta kibarua. Ukisoma Mathayo 20 utawaona wamesimama sokoni, mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kuwatafuta, anarudi saa tatu, saa sita, saa tisa, hata saa kumi na moja anakuta wengine bado wamesimama hakuna aliyewaajiri, halafu jioni kila mtu anashika dinari yake moja. Na Torati ilishasema zamani, Kumbukumbu la Torati 24:15, mtu wa namna hiyo apewe ujira wake siku ile ile kabla jua halijazama kwa sababu ni maskini na moyo wake wote uko kwenye ule ujira. Sasa mtu kama huyo akifundishwa kuomba "utupe leo", hilo "leo" halikuwa pambo kwake. Jua likizama hajalipwa, watoto wanalala njaa, basi.

Pili kuna lile neno lenyewe ambalo tunalisoma "riziki". Kwenye Kigiriki kuna neno epiousios, na hili neno limewasumbua wasomi miaka na miaka, manake kwenye Biblia nzima linatokea hapa na kwenye Luka 11:3 tu, yaani ndani ya sala hii hii. Origen, mwalimu wa karne ya 3 ambaye Kigiriki kilikuwa lugha yake, aliandika kwamba hakulikuta likitumika kwa wasomi wala kwa watu wa kawaida, akaona kama waandishi wa Injili ndio waliolitunga. Jerome naye, mtafsiri wa Biblia wa karne ya 4, alipotafsiri kwa Kilatini akalitafsiri kwa namna mbili, Mathayo akaweka neno moja na Luka akaweka jingine kabisa, neno ni lile lile moja! Wengine wanasema maana yake ni mkate wa siku hii, wengine mkate wa kutosha kuishi, wengine mkate wa siku inayoingia. Ila ukiziangalia hizo maana zote hakuna hata moja inayosema mkate wa mwaka mzima.

Waliotutafsiria Kiswahili nao kila mmoja alichagua njia yake. Wakatoliki tunawasikia wakisali "mkate wetu wa kila siku", na waliotafsiri Biblia ya Union Version wakaweka "riziki yetu". Mi hilo neno riziki nalipenda sana kwa kweli. Mkate unaufikiria mezani, lakini riziki ni pana zaidi, riziki ni mteja aliyeingia mlango ukiwa karibu kufunga, ni kazi iliyopatikana, ni afya ya kuamka na kwenda kuitafuta. Halafu ukisema riziki umeshakiri kwamba kuna anayeitoa, hata mtu ambaye hasali kabisa akisema "leo riziki haikuwepo" kuna Mtu anamtaja bila kujua.

Sasa twende jangwani, kwa sababu Myahudi yeyote akisikia habari ya mkate wa siku lazima akumbuke mana. Kutoka 16. Wametoka Misri mwezi mmoja tu, tayari wanalia wanakumbuka masufuria ya nyama, na Mungu anamwambia Musa kwamba atawanyeshea mkate kutoka mbinguni, watu watoke wakusanye sehemu ya siku kwa siku yake. Asubuhi umande ulipoinuka wakakuta kitu kidogo kimetapakaa chini, wakaulizana "nini hiki?" na hilo swali ndilo likawa jina la chakula. Kipimo kilikuwa pishi moja kwa kichwa. Aliyeokota kingi hakubakiwa, aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Jua likiwa kali, kilichobaki nje kinayeyuka.

Sisi tumelelewa na haba na haba hujaza kibaba, na ni kweli kwa mambo mengi, lakini ile mana haikukubali. Kuna watu walijaribu. Mstari wa 20 unasema wengine walibakiza hadi asubuhi, ikaingia mabuu na kutoa uvundo.

Huwa nakaa sana na mtu huyu aliyebakiza. Usiku umeingia, kwenye hema watoto wamelala wameshiba, yeye anachukua kile kilichobaki anakiweka kwenye chombo, anakifunika vizuri, anakisogeza pembeni asikione jirani. Simwoni kama mtu mbaya kabisa. Ni mtu aliyetoka utumwani, maisha yake yote hajawahi kuwa na uhakika wa kesho, na sasa anaambiwa ale yote alale mikono mitupu amtegemee Mungu ambaye ndiyo kwanza anaanza kumjua. Alikuwa anaogopa tu. Asubuhi anafunua, harufu inampiga usoni. Na ukitoka nje ya hema lile, mana mpya imetanda chini kama jana, nyeupe, tamu kama mkate wenye asali. Yaani alikuwa analinda uozo ndani wakati nje kumejaa.

Hiyo ilienda miaka 40. Piga hesabu, siku 6 kwa wiki, ni zaidi ya asubuhi 12,000 za kuinama na kuokota. Mungu angeweza kuwapa ghala mara moja akamaliza. Alichagua waonane naye kila asubuhi, na ndiyo maana siku hizi mtu akiniambia "mchungaji, mwaka juzi nilikuwa moto sana kiroho" namuuliza kwa upole, na leo asubuhi umeokota nini? Ule moto wa mwaka juzi ulikuwa chakula cha mwaka juzi. Mahubiri yaliyokutoa machozi kwenye semina ile yalikuwa ya siku ile. Mstari mmoja uliousoma leo ukiwa umekaa kitandani hujavaa hata viatu, ukautafuna, unakulisha kuliko daftari zima la notisi za zamani ambalo hulifungui.

Swali linalokuja kila mara, na linakuja kwa watu makini wala siwalaumu: kwa hiyo nisiweke akiba? Nisilipe bima, nisisomeshe mtoto, nisipange? Hapana jamani. Soma Kutoka 16 hiyo hiyo mpaka mstari wa 24, siku ya sita waliokota mara mbili, wakaiweka hadi asubuhi ya Sabato, na haikunuka wala haikuwa na funza hata mmoja. Chakula kile kile, chombo kile kile, usiku ule ule mmoja. Na Yusufu kule Misri aliweka akiba sehemu ya tano ya mazao yote kwa miaka 7 ya shibe, akaokoa mataifa. Akiba ya Yusufu ilitoka kwenye neno la Mungu, ile ya yule wa hemani ilitoka kwenye hofu kwamba Mungu kesho hatatokea. Kwa hiyo panga, weka, lipa ada mapema ukiweza, ila ujiulize unapofunika kile chombo chako usiku unafunika kwa sababu umeambiwa au kwa sababu huamini asubuhi itakuja na kitu.

Yesu mwenyewe baada ya sala hii hakukaa mbali na jambo hilo. Kuanzia Mathayo 6:25 mpaka 34 kitenzi cha kusumbuka kinatokea mara 6 kwenye Kigiriki, mara 6 kwenye mistari 10, mtu harudii neno hivyo kama hajui wasikilizaji wake wanalala vipi. Anamalizia: "Basi msisumbukie ya kesho, kwa kuwa kesho itajisumbukia yenyewe. Yatosha kwa siku maovu yake." Wengi tunausoma mstari huu kama vile anasema kesho mambo yatakuwa mazuri. Hajasema hivyo! Amesema kila siku ina maovu yake, kwa hiyo kesho nayo ina ya kwake. Kinachotuvunja mgongo ni kubeba ya siku mbili au ya miezi mitatu kwa nguvu za siku moja. Weka pembeni yake Zaburi 68:19, "Siku kwa siku hutuchukulia mzigo wetu", utaona hata kubeba kwake Mungu mzigo wetu kumeandikwa kwa siku.

Maombolezo 3 siigusi sana leo maana nimeshaiandikia mara nyingi, ila kumbuka tu ile "ni mpya kila siku asubuhi", yaani rehema za Bwana, iliandikwa na mtu anayeangalia magofu ya Yerusalemu, mji umebomolewa na Wababeli, watu wamekufa njaa barabarani. Hakuwa anaangalia jua likichomoza juu ya bahari kama zile picha tunazobandika mstari huo kwenye status.

Sasa kuna neno jingine kwenye sala ambalo tunalipita hata haraka kuliko "leo". Ni "yetu". Sala nzima haina "yangu" hata moja, hesabu mwenyewe. Baba yetu, riziki yetu, deni zetu. Halafu fungua Luka 12 usome yule tajiri aliyepata mavuno mengi akapanga kubomoa ghala ajenge kubwa zaidi: mavuno yangu, ghala zangu, nafaka yangu, vitu vyangu, nafsi yangu. Anaongea peke yake usiku kucha, hakuna mke, hakuna jirani, hakuna mfanyakazi kwenye mazungumzo yale, ni yeye na ghala. Na Mungu anapoingia anamwambia usiku huu wa leo wanataka roho yako. "Leo" ile ile ambayo hakuiombea.

Paulo alipokuwa anawachangisha Wakorintho kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu waliokuwa na uhitaji, akaenda moja kwa moja kwenye mana, 2 Wakorintho 8:15, aliyekusanya vingi hakuzidiwa na aliyekusanya vichache hakupungukiwa. Yaani alielewa kwamba siku hizi pishi la mwenzako linaweza kuwa limewekwa kwako. Ukisali "utupe leo riziki yetu" na kwenye jiko lako kimebaki, inawezekana kabisa wewe ndiye jibu la sala ya nyumba ya pili na Mungu anasubiri utoke mlangoni.

Hili sikulijifunza kwenye vitabu. Mama yangu alipokuwa anaumwa, miezi ile ya mwisho, mimi nilikuwa naomba maombi makubwa. Miaka mingine 10 Bwana, aone wajukuu, nilikuwa nafunga, nalia, na kila jioni nikimwangalia hali imeshuka kidogo naona kama nimeshindwa. Usiku mmoja nimekaa pembeni ya kitanda nina bakuli ya supu na kijiko, saa tatu imepita, anafunga mdomo anageuza uso ukutani. Nikaishiwa maneno kabisa. Yaliyotoka ni hayo tu, utupe leo. Baada ya muda akageuka, akameza vijiko vitatu, nilivihesabu, akalala. Kuanzia hapo ndivyo nilivyoomba mpaka alipoondoka, dawa ikae tumboni leo, alale leo, nisimkasirikie leo nikiwa nimechoka. Na nikaacha kuona aibu kwamba sala zangu zimekuwa ndogo.

Sisi wenyewe nyumbani tulikuwa hatupiki, hakuna aliyekuwa na nguvu hiyo. Lakini hatukulala njaa hata siku moja, kila jioni ukifungua mlango kuna mtu wa kanisani au jirani ameacha chakula kizingitini, wengine hawabishi hata hodi wasitusumbue. Baada ya mazishi nikaanza kurudisha vyombo kimoja kimoja nyumba hadi nyumba, ikabaki hotipoti moja ya bluu mfuniko wake umepasuka pembeni. Nimewauliza wote, kila mmoja anasema hapana siyo yangu.

Iko jikoni kwangu. Nikipika kikabaki ndiyo natumia hiyo kupeleka.