Je, wajua kwa nini kano iliyokatika begani mara nyingi huachwa, lakini ya kiwikoni huwahiwa kwa upasuaji?

Msuli wa mbele ya mkono, ule ambao vijana wa jimu wanauita baisepsi, umeshikizwa kwenye mifupa kwa kano tatu: mbili begani, moja tu kiwikoni. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kufika hospitali na kano ya msuli huohuo imewakatika, mmoja akaambiwa apumzike na mwenzake akapangiwa upasuaji wa haraka.

Begani hukatika zaidi ile kano ndefu, hasa kwa watu wazima ambao imeshalika taratibu kwa miaka. Msuli hushuka na kufanya uvimbe juu ya kiwiko. Unatisha kuutazama, lakini kano ya pili bado imeshika, na nguvu inayopotea si nyingi. Wengi hupona kwa dawa za maumivu na mazoezi tiba.

Kiwikoni hakuna ya akiba. Fikiria mafundi samani wa Keko, Dar es Salaam, wakishusha kabati la mninga kutoka kwenye kirikuu. Kabati linateleza, aliye chini anang'ang'ania huku kiwiko kimekunjwa, uzito unaunyoosha mkono kwa nguvu. Anasikia kitu kimefyatuka. Baadaye kwenye kiwiko kunavilia damu, na msuli umejivuta kuelekea bega. Huwapata zaidi wanaume wa makamo, na uvutaji sigara huongeza hatari.

Wengi hudhani atakachokosa ni kukunja mkono. Kumbe chini ya msuli huo upo mwingine unaobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kinachoumia zaidi ni kugeuza kiganja kitazame juu. Bila upasuaji, nguvu ya kugeuza hupungua kwa takriban asilimia 40, na ya kukunja kwa takriban asilimia 30. Chukua bisibisi kwa mkono wa kulia ukaze skrubu: mzunguko ule wa kwenda kulia ndio hasa kazi ya msuli huu. Fundi seremala ataikosa nguvu hiyo kila siku ya kazi. Mzee aliyestaafu, ambaye kano imekatika kwenye mkono asioutegemea, anaweza kuishi vizuri tu bila kupasuliwa, na uamuzi huo ni halali kabisa.

Ila kwa anayekula kwa mikono yake, naomba asichelewe. Wiki 2 hadi 3 za mwanzo ndizo rahisi. Zikipita, kano hujikunja juu na kushikwa na makovu. Daktari akija kuivuta haifiki tena mfupani, na huenda akalazimika kuazima kano nyingine, kwa mfano ya nyuma ya paja. Inaniuma kuona wiki hizo zikiishia kwenye kuchuliwa na mafuta ya moto. Kuchua hakurudishi kano kwenye mfupa. Kama uko Dar es Salaam, anzia hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala, uombe rufaa ya Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili. Daktari ataanza kwa kujaribu kuipenyeza ncha ya kidole nyuma ya kano, kwa mbele ya kiwiko, mkono ukiwa umekunjwa na kiganja kimegeuzwa juu. Kidole kikikosa cha kunasa, kano huenda imeng'oka yote. Altrasaundi au MRI huthibitisha.

Upasuaji nao una gharama zake mwilini. Ganzi upande wa nje wa kigasha ni ya kawaida, na mara nyingi huisha yenyewe. Mara chache huumia mshipa wa fahamu unaonyanyua vidole, au mfupa huota mahali pasipo pake. Muulize daktari hayo kabla ya kusaini fomu, umuulize pia amewahi kuwafanyia wangapi. Kisha panga na familia mtakula nini, kwa sababu kubeba vitu vizito huruhusiwa baada ya miezi 4 hadi 6, hata kama mkono hauumi tena.