Mzigo wa uthibitisho: kupima uimara wa kafi la mbao kabla halijaingia majini

Kafi la kayaki (mtumbwi mwembamba) lililochongwa nyumbani halina cheti cha kiwandani. Mbao ilichaguliwa kwa macho, unene wa mpini ukaamuliwa na randa na msasa, na hakuna aliyepima kama gundi ilishika sawasawa. Njia ya kujua kama litahimili kazi inaitwa mzigo wa uthibitisho: mzigo unaowekwa kwa makusudi juu ya chombo kilichokwisha kutengenezwa, mkubwa kiasi kuliko ule kitakachokutana nao kazini, ila mdogo kuliko ule wa kukivunja. Jaribio la kuvunja hukupa takwimu sahihi kabisa, tatizo ni kwamba ni takwimu za kafi ambalo sasa ni kuni.

Jaribio hili linahitajika kwa sababu mbao hazifanani. Majedwali ya wahandisi yanasema mti wa sprusi wa Sitka, ukiwa mkavu, huvunjika kwa kupinda kwenye mkazo wa megapaskali 70 hivi (megapaskali moja ni nguvu ya niutoni moja kwa kila milimita ya mraba), mwerezi mwekundu wa magharibi karibu 52, na mti wa eshi mweupe karibu 103. Lakini hizo ni wastani wa vipande visafi, visivyo na fundo, vyenye nyuzi zilizonyooka. Nyuzi zikienda mshazari kwa sentimita moja katika kila sentimita 10 za urefu, uimara hushuka hadi asilimia 81 hivi. Mshazari wa moja kwa tano huuacha kwenye asilimia 55. Mshazari wa namna hiyo unaweza kujificha chini ya vanishi inayong'aa. Jedwali linakueleza habari za mti kwa jumla. Mzigo wa uthibitisho unauliza habari za kipande hiki ulichokishika mkononi.

Kwanza tujue kafi linapata mzigo gani. Kupiga kafi kwa mwendo wa matembezi hakulitishi kafi lililochongwa vizuri. Linalolitesa ni lile tukio la ghafla: kayaki inaanza kupinduka nawe unaliegemea bapa, ile sehemu pana ya kafi inayosukuma maji, kwa uzito wa kiwiliwili, au unajisukuma kutoka kwenye mwamba, au unalilaza nyuma ya kiti kama daraja ili upande chomboni. Kinachovunja mpini hapo ni nguvu hiyo ikizidishwa kwa umbali wake kutoka kwenye mkono. Kwa kadirio langu la mtu anayeegemea kwa nguvu, nachukua kilo 12 katikati ya bapa, sentimita 70 kutoka mkono ulio karibu nalo. Hiyo ni takriban niutoni-mita 82, yaani nguvu kwa niutoni ikizidishwa kwa umbali kwa mita.

Sasa fikiria mpini wa mviringo wa sprusi wenye kipenyo cha milimita 32. Ukiwa safi, unavunjika penye niutoni-mita 225 hivi, kwa hiyo nafasi ipo ya kutosha. Upunguze hadi milimita 28, kwa kuwa unataka kafi jepesi, na theluthi moja ya uimara imekwenda, maana uimara hufuata kipenyo kipeo cha tatu (kipenyo × kipenyo × kipenyo). Ukakamavu, yaani kukataa kunepa, hufuata kipenyo kipeo cha nne, na hapo umepoteza zaidi ya asilimia 40. Wachongaji wengi huyachanganya mambo haya mawili. Kafi linalonepa sana si lazima liwe dhaifu, na lililo kakamavu kama chuma linaweza kukatika bila onyo kwenye fundo.

Jaribio lenyewe halihitaji mashine. Laza kafi juu ya viegemeo viwili vilivyoachana mita 1.6, nyuso za mabapa zikitazama chini, ili mpini upinde upande uleule ambao maji yatausukuma. Katikati funga mkanda mpana, kwa sababu kamba nyembamba inauma mbao na kuharibu kipimo. Chini ya mkanda ning'iniza dumu, uanze kumimina maji. Lita moja ni kilo moja, na maji yana faida nyingine: unayaongeza taratibu na unaweza kusimama wakati wowote. Dumu liwe sentimita chache tu juu ya sakafu, mpini ukikatika lisianguke mbali. Vaa miwani ya kazi, na usiweke uso karibu na mpini uliopindwa.

Ongeza kilo 10, kisha 20, kisha 30. Kilo 30 katikati ya mita 1.6 zinaleta niutoni-mita 118, karibu mara moja na nusu ya lile egemeo la nguvu, na kwa mpini wa milimita 32 bado ni nusu tu ya kikomo cha sprusi safi. Kwenye kila hatua pima kwa rula mpini umeshuka kiasi gani. Sprusi nzuri ya kipenyo hicho itanepa karibu milimita 15, 30, halafu 45. Mti mwingine utakupa namba nyingine. Unachokitafuta ni hatua zinazolingana. Hatua ya tatu ikikupa milimita 20 badala ya 15, kuna nyuzi zilizoanza kukata tamaa, hivyo toa maji hapohapo. Shusha mzigo pia ukisikia mbao inatatarika.

Ukiisha kufika kilo 30, acha dakika moja, usizidishe sana. Mbao huvumilia mzigo wa muda mfupi vizuri zaidi kuliko wa muda mrefu, na kafi halikai limepindwa siku nzima. Ondoa mzigo, kisha pima tena kutoka sehemu ileile ya kuanzia. Mpini uliorudi ulipokuwa, umepita jaribio. Uliobaki na kipindo, hata cha milimita tatu, umekwisha kuumia ndani. Mimi singeupeleka majini mbali na ufuko.

Hapa ndipo ninapokosana na wale wanaolaza kafi juu ya magogo mawili na kusimama katikati, wakitoka hapo wamejaa fahari. Mtu wa kilo 70 kwenye viegemeo vya mita moja anaufikisha mpini wetu robo tatu ya kikomo chake. Akiviachanisha mita 1.6, ameshauvunja. Na hata usipovunjika, mbao inayopindwa kupita kiasi huanza kuumia upande unaobanwa. Nyuzi hujikunja katika mistari myembamba isiyoonekana kirahisi, kafi linaonekana zima, kisha linakatika siku nyingine kwa mzigo mdogo.

Jaribio la katikati peke yake halitoshi, kwa kuwa majini sehemu inayopata shida zaidi ni pale mkono unaposhika karibu na bapa, na mzigo wa katikati unaibana sehemu hiyo nusu tu au zaidi kidogo. Kwa hiyo fanya la pili: egemeza mpini kwenye ukingo wa meza pale mkono unapokaa, ukingo ukiwa umevikwa kitambaa kinene, mwingine ashikilie upande wa pili au uufunge kwa jiriwa. Ning'iniza kilo 17 katikati ya bapa. Geuza kafi, urudie kwa uso wa pili na kwa bapa la pili. Kama kafi limeunganishwa katikati kwa bomba, kiungo hicho kipewe macho ya ziada katika jaribio la kwanza. Mchezo wowote unaousikia hapo, yaani kulegea, utaongezeka.

Unyevu hubadilisha hesabu yote. Sprusi iliyolowa kabisa ina uimara wa megapaskali 39 tu badala ya 70. Kafi lililopita jaribio likiwa kavu, kisha likachubuka vanishi na kunywa maji safari baada ya safari, si kafi lile ulilolipima. Vanishi ikitoka, kausha, paka upya, na urudie jaribio.

Mabapa yana udhaifu wa aina yake. Mbao ni imara kufuata nyuzi, ila ukiivuta kukatisha nyuzi, sprusi hupasuka kwenye megapaskali mbili au tatu. Ndiyo maana bapa huchanika kwa urefu kuanzia kwenye ncha, hasa likigonga jiwe. Mzigo wa dumu hauwezi kulionyesha hilo. Lishike bapa kwa mikono miwili, ujaribu kulikunja kukatisha upana wake kwa nguvu ya kiasi, huku ukiitazama ncha mwangani. Mstari mweusi unaofunguka na kujifunga ni ufa. Unaingizwa gundi nyembamba ya epoksi, unabanwa, na ncha inavikwa utepe wa nyuzi za kioo kabla kafi halijapimwa tena.