Maji kwenye mtungi wa upepo yanavyolilaza lori njiani

Lori la mizigo linaweza kulala barabarani siku nzima na injini yake nzima. Breki zake hufanya kazi kwa upepo, yaani hewa iliyobanwa na kuhifadhiwa kwenye mitungi. Upepo huo ukishuka chini ya bar 4 hivi (bar na psi ni vipimo vya mgandamizo wa hewa), taa na king'ora huonya. Ukizidi kushuka, springi zilizo ndani ya busta za breki (vikopo vinavyosukuma breki za magurudumu) hufunga breki na gari halisogei tena. Zimeundwa hivyo kwa usalama. Lakini likigoma katika kona za Mlima Kitonga, likitoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, linawazuia na wengine walio nyuma yake.

Mara nyingi chanzo ni maji. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Kompresa, yaani pampu ya hewa, ikishaibana, na hewa hiyo ikapoa, unyevu hugeuka maji na kutuama chini ya mitungi. Magari mengi ya sasa yana kikausha hewa, chenye katriji ya chembe zinazonyonya unyevu. Chembe hizo hujikausha pale tu kompresa inapokata, yaani inapoacha kusukuma hewa kwa kuwa mitungi imejaa: ule mlio wa "pshii" chini ya gari ni maji yakitupwa nje. Sasa hosi ya tela ikivuja kidogo tu, kompresa haipumziki. Katriji inalowa, maji yanapita, vali zinashika kutu, kisha nazo zinaanza kuvuja. Ukibadilisha katriji bila kuziba uvujaji, umetupa fedha.

Kila siku kazi inapoisha, weka kabari kwenye magurudumu, fungua koki ya chini ya kila mtungi, ya tela pia, na utazame kinachotoka. Kwa gari lisilo na kikausha hewa, maji kidogo ni kawaida. Kwa gari lenye kikausha, maji mengi maana yake katriji imechoka au kuna uvujaji. Ukitoka uji wa kijivu wenye mafuta, kompresa inapitisha oili. Ipimwe kabla oili haijaharibu mpira wa vali.

Asubuhi jaza upepo mpaka kompresa ikate. Zima injini, hakikisha kabari zipo, achia breki ya kuegesha, na mwenzako akanyage pedali ya breki na kuishikilia. Geji ikishatulia, kwa lori na tela moja isishuke zaidi ya psi 4, karibu bar 0.3, ndani ya dakika 1. Ikizidi, paka maji ya sabuni kwenye viungo. Panapotoa povu ndipo panapovuja.

Pima pia fimbo ya busta, ile inayotoka na kusukuma breki. Upepo ukiwa kati ya psi 90 na 100, itie alama ya chaki pale inapotokea kwenye busta, pedali ikanyagwe, kisha pima alama imesogea kiasi gani. Kwa busta ya kawaida ya namba 30 (namba ya ukubwa wake) isizidi milimita 51. Ikizidi kwenye slaki (mikono inayounganisha fimbo ya busta na breki) zinazojirekebisha zenyewe, usikaze kwa spana ukaridhika. Kosa hili hurudiwa sana gereji: gari linaondoka vizuri, safari chache baadaye breki zimelegea tena, kwa kuwa pini iliyolika au slaki iliyokufa bado ipo palepale.



Yote yaandikwe kwenye daftari la gari: tarehe, kilomita, mtungi upi, nini kilitoka. Gari lenye kikausha hewa likionyesha maji siku tatu mfululizo, lisipakiwe mzigo mpaka fundi aone uvujaji uko wapi.