Je, wajua? Samaki wa Ziwa Naivasha karibu wote ni wageni

Ukishuka ufuo wa Kamere asubuhi boti zikirudi, utamkuta mama amekalia ndoo iliyopinduliwa, mkononi kipande cha ubao kilichopigiliwa vifuniko vya soda. Hicho ndicho kiparuzi chake. Magamba yanayoruka ni mapana kama sarafu, mengine yanamnasa kwenye leso. Samaki anayemparua ni kapu (si lile la kubebea mboga), na miaka ya tisini hakuna mvuvi wa hapa aliyekuwa amemtoa kwenye wavu. Alifikaje? Na waliomtangulia wako wapi?

Ziwa Naivasha liko kaunti ya Nakuru. Mito ya Malewa na Gilgil inaingia, lakini hakuna mto unaotoka; maji hupenya chini kwa chini na kwenda na chumvi yake. Ndiyo maana hayana magadi kama ya majirani zake, Elementaita na Nakuru. Kwa maji mazuri hivyo ungetarajia samaki tele. Wapi! Mwenyeji halisi wa ziwa alikuwa kisamaki kimoja tu, kidogo hata kikaango kingemcheka, na mara ya mwisho kuonekana ilikuwa 1962.

Waliobaki waliletwa. Tilapia wa kwanza alitiwa mwaka 1925. Mwaka 1929 akaja besi kutoka Marekani, mla nyama mwenye mdomo mpana, aliyeletwa kwa ajili ya walowezi waliopenda kuvua kwa ndoano kujistarehesha. Mwaka 1956 wakaongezwa tilapia wa aina nyingine, na 1959 uvuvi wa biashara ukafunguliwa. Ulipanda kama moto wa nyasi: 1970 ziwa lilitoa zaidi ya tani 1,000. Miaka michache baadaye mavuno yakawa sehemu ndogo tu ya hizo.

Watu hupenda kumlaumu mvuvi na wavu wa macho madogo, na kweli wavu huo unabeba samaki kabla hajazaa hata mara moja. Lakini mimi naona kosa kubwa ni kulifanya ziwa sufuria ya majaribio. Mwaka huohuo wa 1970 alitiwa kamba mwekundu wa maji baridi (si ya kufungia mzigo; huyu ni jamaa wa kaa), asili yake Marekani, ili auzwe. Akauzwa kweli, hata nje ya nchi. Ila kamba huyo ni mlafi wa majani. Alifyeka mimea ya chini ya maji ambamo vifaranga vya tilapia vilijificha, kisha akapanda kwenye nyavu na kuwatafuna samaki walionaswa. Mvuvi anaamka saa kumi alfajiri, anavuta wavu, anapata tilapia nusu na kamba mzima aliyejisokota kwenye nyuzi. Kumng'oa bila kukata wavu ni kazi ya nusu saa.

Juu ya hayo kina cha maji kilipanda na kushuka, magugu maji yakatanda, na mafunjo ya kingoni yakakatwa. Hali ikawa mbaya hadi mwaka 2001 uvuvi ukafungwa kwa mwaka mzima ili samaki wapumue.

Mwaka huohuo ndipo kapu alipoonekana ziwani kwa mara ya kwanza. Safari hii hakuna aliyemleta kwa makusudi. Jike moja hutaga mayai kwa laki, na kapu hula kwa kuchimba tope, hivyo maji yaliyochafuka ambayo besi hawezi kuwindia hayamsumbui. Haikupita miaka kumi akawa ndiye anayejaza boti. Wateja waliozoea ngege, yaani tilapia, wa Kisumu walinuna mwanzoni: miiba mingi, tena yenye panda, lazima ule polepole na mtoto usimpe bila kumchambulia. Lakini ni mkubwa na bei yake inavumilika, wakamzoea.

Siku hizi kambare naye yumo nyavuni, mgeni mwingine, na akina mama wa ufuoni walishampangia bei.