Je, wajua kwa nini maharagwe machanga hukakamaa kwanza ndipo yalainike kwenye chungu cha umeme?

Chemsha maji kwenye sufuria ya kawaida, tia maharagwe machanga ya kijani, na baada ya dakika 10 hivi yanalika. Chukua mengine ya fungu lilelile, yatie kwenye chungu cha umeme cha kupikia polepole, kile ambacho familia nyingi za Marekani hukiwasha asubuhi na kukiacha kikipika hadi jioni. Baada ya saa mbili mfuniko umejaa matone ya mvuke na jikoni kunanukia, lakini ukitafuna haragwe moja bado linatoa mlio kwenye meno. Joto lipo. Mbona hayajaiva?

Kinacholipa ganda la haragwe ugumu wake ni pektini, gundi inayoshikanisha kuta za seli. Mboga kuiva ni, kwa sehemu kubwa, gundi hiyo kuyeyuka, nayo huyeyuka kwa kasi ya maana pale tu joto linapopita nyuzi 80 za Selsiasi na kuelekea kuchemka. Lakini kuna jambo linalotangulia. Ndani ya haragwe bichi mna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, kinachochangamka joto likiwa kati ya nyuzi 50 na 70 hivi. Kazi yake ni kupogoa vijikundi vidogo vya kemikali vilivyoshikana na nyuzi za pektini. Vikishaondoka, kalsiamu iliyomo humohumo kwenye haragwe hupata pa kushika, ikafunga uzi mmoja wa pektini na mwenzake. Ganda linakakamaa, na likishakakamaa hivyo, hata ukalichemsha baadaye litachelewa kulainika. Wenye viwanda vya mboga za makopo huutumia ujuzi huu makusudi: huyapasha maharagwe kwa joto la wastani kwanza ili yasivurugike ndani ya kopo.

Sasa tazama chungu chenyewe. Kwa kawaida huvuta wati 200 hadi 300, ilhali birika la umeme la kuchemshia maji ya chai huvuta 2,000 au zaidi. Piga hesabu ya wati 250 na vyakula na maji vyenye jumla ya kilo tatu. Kutoka nyuzi 25 hadi 95 kunahitajika kama saa nzima, hata tukijifanya hakuna joto lolote linalopotea. Ukiongeza joto linalonyonywa na ule udongo mzito wa chungu, na lile linalotokea ubavuni, saa moja inakuwa mbili au tatu. Katika safari hiyo maharagwe hukaa nusu saa au zaidi ndani ya zile nyuzi 50 hadi 70. Kwenye sufuria ya maji yanayotokota huzipita kwa muda mfupi mno, kimeng'enya kikafa kabla ya kufanya kazi.

Kwa hiyo ukitaka yaive mapema, usiyaanze na maji baridi. Mimina supu inayochemka, washa chungu kwenye moto wa juu kwa saa ya kwanza, kisha ushushe ukipenda. Watu wengi hudhani moto wa juu na wa chini huishia kwenye joto tofauti. Katika vyungu vingi yote miwili hufika karibu na kuchemka, tofauti ni muda wa kufika. Na usifunue mfuniko kila mara, maana kwa wati hizo chache joto lililotoka hurudi kwa kusuasua.

Mpishi wa Georgia au Alabama, hata hivyo, hana haraka. Kusini mwa Marekani maharagwe machanga huwekwa na kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, kitunguu na maji kidogo, yakapikwa hadi yajikunje juu ya kijiko. Walaji wa mtindo wa kisasa, waliozoea mboga inayovunjika kwa mlio, huyaona yamepikwa kupita kiasi. Mimi nasema wanakosea, na sababu iko shambani. Maharagwe ambayo familia za milima ya Appalachia zimetunza mbegu zake kwa vizazi huchumwa punje zikiwa zimeshajaa ganda. Yana uzi mgumu ubavuni: unavunja ncha kwa kidole gumba, unavuta taratibu, uzi unatoka mzima tangu kichwa hadi mkia, kisha unageuza na kuvuta wa upande wa pili. Mengine hutungwa kwenye nyuzi na kuanikwa yakauke kwa ajili ya majira ya baridi. Haragwe la namna hiyo halina maana likipikwa dakika 10. Lazima punje ziive kama maharagwe na ganda lilainike kama mboga, yote mawili kwa pamoja. Maharagwe yasiyo na uzi yaliyojaa madukani leo yana historia fupi. Calvin Keeney wa Le Roy, New York, ndiye anayekumbukwa kwa kuyazalisha na kuyaeneza mwishoni mwa karne ya 19.

Ndiyo maana si kila haragwe linafaa chungu cha umeme. Mishiri, yale maharagwe machanga membamba, inayolimwa Kirinyaga nchini Kenya kwa ajili ya soko la Ulaya hupangwa kwa unene: daraja la juu kabisa halizidi milimita 6, linalofuata halizidi 9. Maganda membamba hivyo yamechumwa kabla punje hazijaumbika, na ukiyapika saa sita unapata uji wenye nyuzi. Hayo yakaange dakika chache kwa kitunguu saumu, inatosha. Kwa chungu cha polepole tafuta yaliyokomaa kidogo, mapana, yenye matuta ya punje unayoweza kuyahesabu kwa kidole. Yaliyogandishwa nayo yanafaa, ila huiva upesi zaidi, kwa kuwa kiwandani yalishachovywa kwenye maji yanayochemka. Ya kopo yameshaiva tayari, yanahitaji muda wa kunywa ladha tu.

Rangi itabadilika, na hakuna ujanja mzuri wa kuizuia. Katikati ya kila molekuli ya klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea, kuna chembe moja ya magnesiamu. Maharagwe yakipata moto hutoa asidi yake kidogo, na asidi hiyo huing'oa ile magnesiamu. Kijani kibichi kinageuka rangi ya zeituni. Kwenye sufuria iliyo wazi sehemu ya asidi hupaa na mvuke, lakini chini ya mfuniko uliofungwa hudondoka tena ndani. Wapo watakaokumbuka magadi, yanayotumika sana Afrika Mashariki kulainisha makande na mboga ngumu. Ni kweli magadi hulinda kijani na huyeyusha pektini haraka. Lakini kwa maharagwe machanga nayakataa: maganda yanateleza, ladha inakuwa ya sabuni, na vitamini B1 inaharibika.

Asidi hufanya kinyume cha magadi, huilinda pektini isiyeyuke. Nyanya, siki, ndimu na ukwaju ukivitia mwanzoni vitakuchelewesha kwa saa nyingi. Wagiriki na Waturuki hupika maharagwe machanga kwa nyanya na mafuta ya zeituni, chakula kizuri sana, na nyanya hizo ni sababu mojawapo ya maharagwe yao kukaa motoni muda mrefu bila kuvurugika. Kwenye chungu cha umeme, kijiko cha siki kitiwe mwisho, dakika tano kabla ya kupakua. Chumvi ni tofauti: itie mapema, kwani sodiamu huchukua nafasi ya baadhi ya kalsiamu na kusaidia ganda kulainika.

Sasa ladha. Nyama ya moshi yenye ngozi na mifupa ina kolajeni, protini ngumu ya ngozi na mifupa, ambayo kwa saa kadhaa za joto hugeuka jelatini na kuupa mchuzi uzito unaonata midomoni. Moshi nao umeacha harufu zake kwenye mafuta ya nyama, na mafuta hayo hutawanyika juu ya kila ganda. Kwa asiyekula nguruwe hakuna kinachopotea. Wapishi wengi Wamarekani Weusi siku hizi hutumia shingo au bawa la bata mzinga wa moshi, na kwa maoni yangu mchuzi wake ni msafi zaidi. Pasipo bata mzinga, mfupa wa ng'ombe wenye nyama iliyokaushwa kwa moshi unafanya kazi ileile.

Kwa kilo moja ya maharagwe, kaanga kwanza kitunguu kikubwa kilichokatwa na ile nyama kwenye kikaango hadi vipate rangi ya kahawia. Usiruke hatua hii, kwa sababu ndani ya chungu chenye mvuke hakuna kitu kinachoweza kupata rangi hiyo wala ladha yake. Tia kitunguu saumu punje nne, pilipili manga, na pilipili kavu kidogo. Hamishia kwenye chungu, panga maharagwe juu, mimina vikombe viwili tu vya supu inayochemka. Vitaonekana vichache, lakini maharagwe kwa sehemu kubwa ni maji na mvuke hautoki. Ukipenda viazi vidogo, viweke chini kabisa karibu na udongo wa chungu. Navyo vina kimeng'enya kama kile cha maharagwe, ndiyo maana havitapondeka. Acha saa tatu hadi nne kwenye moto wa juu, au sita hadi nane kwenye wa chini. Kwa aliye Nairobi, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, aongeze saa moja. Mchuzi utakaobaki usimwagwe, kwani vitamini na madini yaliyotoka kwenye mboga yamo humo. Kule Kusini hutowelewa kwa mkate wa mahindi.

Onyo moja ni la lazima. Usitie maharagwe makavu, hasa mekundu, kwenye chungu hiki ukidhani yatalainika pamoja na machanga. Yana lektini, sumu inayoleta kutapika na kuharisha vikali, na joto la nyuzi 80 haliimalizi, linaweza hata kuiongezea nguvu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, hushauri yalowekwe, maji yamwagwe, kisha yachemshwe kwa dakika 30 kwenye maji mapya kabla ya upishi wowote wa polepole.

Kilichobaki kiweke kwenye friji ndani ya saa mbili. Kesho yake usikipashie kwenye chungu hichohicho, maana safari ile ndefu ya kupanda joto ndiyo bakteria wanayoipenda. Kipashe kwenye sufuria hadi kichemke, na kama mchuzi umeganda kwa jelatini, utayeyuka mara tu upatapo moto.